Kwao Watu wa Mlima: Wameru wa Ngarenanyuki na Walemko wa Karpati

Katika lugha yetu ni machache maneno yatamkwayo kwa wepesi na kubeba uzito mkubwa kama neno kwao. Mtoto hulisema kabla hajajua mipaka ya wilaya, na mzee hulisema mwishoni mwa uhai wake anapoagiza azikwe wapi. Tukilipasua neno hili kwa sarufi tutaona kuwa lina sehemu mbili: kw-, itajayo mahali, na -ao, itajayo watu. Mahali pasipo watu pana jina lake, pengine mlima, pengine pori, pengine mto. Lakini si kwao mtu. Methali yasema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo yamhukumu yule aachaye asili yake kwa hiari. Haikutamka lolote juu ya yule aliyeondolewa katika asili yake na mkono wenye nguvu kuliko wake, akaambiwa kwamba ameondolewa kwa faida yake mwenyewe. Insha hii yahusu watu wa namna hiyo ya pili.

Nataka kuwatazama pamoja watu wa nchi mbili zilizo mbalimbali sana. Wa kwanza ni Wameru wa Tanzania, wakaao katika miteremko ya Mlima Meru, karibu na Arusha. Wa pili ni Walemko, watu wa jamii ya Waslavi wa mashariki, ambao asili yao ni ile sehemu ya milima ya Karpati iliyo mpakani mwa Polandi na Slovakia. Walemko waliosalia katika milima yao upande wa Polandi walihamishwa kwa nguvu mwaka 1947. Wameru wa Ngarenanyuki walihamishwa kwa nguvu mwaka 1951. Miaka minne tu yayatenga matukio hayo, na kila moja lilitendwa na serikali iliyodai kwamba yafuata utaratibu mwema. Hata hivyo mwisho wake haukufanana. Kwa nini watu wa upande mmoja waliipata tena nchi yao, na wa upande mwingine, kwa sehemu kubwa, hawakuipata? Jawabu langu lakaa ndani ya neno lile dogo nililolitaja.

Msomaji aliye hapa Igoma, au popote pengine katika ufuo wa Ziwa Victoria, amezoea vilima vya mawe vya Mwanza, na akisikia habari za nchi ya milimani huenda akaiwazia theluji ya Kilimanjaro. Nchi ya Walemko si ya namna hiyo. Kilele cha Lackowa, kirefu kuliko vyote upande wa Polandi katika safu iitwayo Beskid Niski, kina mita 997 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa letu u katika mita 1,134 hivi. Basi mvuvi aketiye ndani ya mtumbwi wake mbele ya Mwanza yuko juu kuliko Mlemko aliyesimama juu ya kilele hicho. Mlima Meru, kwa upande wake, wapita mita 4,500. Kwa kimo chake mlima wa Mlemko ungemchekesha Mmeru. Lakini nchi ya mlimani haipimwi kwa kimo. Hupimwa kwa maisha ambayo watu wameyapanga kuufuata mlima: walime wapi, wachunge wapi, maji yatoke wapi, na wafu walale wapi.

Nchi yao Walemko waliiita Lemkovyna. Ilianza karibu na mto Poprad upande wa magharibi, ikaenda mpaka upande wa mto Osława mashariki, na kusini ikaishia penye mgongo wa milima, ambapo ng'ambo yake walikaa ndugu zao wa Slovakia. Jina lao lenyewe latokana na neno fupi, lem, lenye maana ya "tu" au "lakini", walilolitumia sana katika mazungumzo. Majirani wakalifanya jina la kuwatania, kisha baadaye wenyewe wakalikubali na kulivaa kwa fahari. Udongo wa huko ni hafifu, na majira ya baridi ni marefu. Walilima viazi na nafaka zivumiliazo baridi, wakafuga ng'ombe na kondoo, wakakata mbao msituni. Wanaume wa kijiji cha Łosie walijulikana kwa uchuuzi wa grisi ya magurudumu ya magari ya kukokotwa, wakizunguka nayo nchi za mbali. Tangu mwisho wa karne ya 19 vijana wao wengi walivuka bahari kwenda kufanya kazi katika migodi ya Pennsylvania huko Marekani, wakapeleka fedha nyumbani kwa wazee. Walikuwa Wakristo wa mapokeo ya Mashariki, na makanisa yao waliyajenga kwa mbao na magogo kwa ustadi mkubwa hata baadhi yake, pamoja na mengine ya Karpati, yakaingizwa mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Msiba wao ulikuja kwa hatua mbili. Tarehe 9 Septemba 1944, vita vikali vingali vikiendelea, wenye mamlaka wapya wa Polandi walipatana na Ukraini ya Kisovyeti kubadilishana watu: Wapolandi waende magharibi, na Waukraini waende mashariki. Walemko walihesabiwa pamoja na Waukraini, ijapokuwa wengi wao walijiona kuwa watu wa namna yao wenyewe. Makaratasi yalisema kwamba kwenda ni kwa hiari. Lakini kadiri miezi ilivyopita hiari hiyo ilisimamiwa na askari, na kufikia mwaka 1946 sehemu kubwa ya Walemko ilikuwa imekwisha kuondoka. Hatua ya pili ilikuja mwaka uliofuata. Katika milima hiyo walikuwamo wapiganaji wa jeshi la msituni la Waukraini, nao tarehe 28 Machi 1947 walimuua Jenerali Karol Świerczewski karibu na mji wa Baligród. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Aprili, serikali ya Polandi ilianza kazi iliyoitwa Akcja Wisła, kwa jina la mto mkubwa wa nchi hiyo. Katika miezi michache watu zaidi ya 140,000, Waukraini na Walemko waliosalia, walipakiwa katika magari ya reli na kupelekwa kaskazini na magharibi ya nchi, katika mashamba ambayo Wajerumani walikuwa wameondolewa.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa maana jambo la maana zaidi katika habari hii si lile la kuhamishwa, bali ni lile la namna watu walivyopangwa walikofikishwa. Amri ilikuwa kwamba wasikae pamoja. Familia za kijiji kimoja ziligawanywa katika vijiji vingi, na wahamishwa hawakutakiwa kuzidi sehemu moja katika kumi ya wakazi wa mahali popote. Nia ilikuwa watoto wao wakue wakisema lugha ya majirani, na wajukuu wasahau kabisa. Mwaka 1949 ilitolewa amri nyingine iliyoifanya ardhi waliyoiacha kuwa mali ya serikali. Basi waliomwandama Mlemko hawakuridhika kumtoa mlimani. Walitaka pia kuukata uzi uliomfunga kwa Mlemko mwenzake. Waliielewa vema sarufi ya neno kwao. Walijua kwamba mlima hauwezi kuhamishwa, na kwa hiyo wakashughulika na watu.

Walikuwako waliokataa. Nikifor wa Krynica, mchoraji maskini asiyesoma, ambaye picha zake ndogo za makanisa na vituo vya reli zimepata sifa katika Ulaya, alihamishwa pamoja na wenziwe, akarudi; akahamishwa tena, akarudi tena, hata mwishowe akaachwa. Alifariki mwaka 1968 naye amekwisha kuwa mashuhuri. Lakini mtu mmoja akirudi hakuwi kwao tena. Baada ya mwaka 1956, amri zilipolegezwa, familia chache zilirejea, na mara nyingi zililazimika kununua upya nyumba zilizokuwa zao. Katika vijiji vingi vya Lemkovyna kilichobaki ni miti ya matunda iliyomea mwituni, misalaba ya mawe kando ya njia, na makaburi.

Historia ya Polandi na ya Meru zakaribiana kwa namna ambayo mtu asingeitazamia. Mwaka 1942 Tengeru, chini ya Mlima Meru, karibu na ziwa dogo la Duluti, ilianzishwa kambi ya wakimbizi Wapolandi. Hawa kwa wingi wao hawakutoka Lemkovyna; walitoka sehemu za mashariki zaidi, ambazo Umoja wa Kisovyeti ulizitwaa mwaka 1939. Katika mwaka 1940 na 1941 walisukumwa mpaka Siberia na Kazakhstan. Baada ya mapatano ya Julai 1941 walifunguliwa, wakapitia Uajemi, kisha wakaletwa kwa meli mpaka Afrika ya Mashariki. Katika Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Katika Uganda waliwekwa Masindi na Koja, na Koja iko katika ufuo wa ziwa hili hili litazamwalo na Mwanza. Tengeru ilikuwa kubwa kuliko kambi nyingine zote, ikawa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga shule, kanisa na karakana, wakalima bustani. Vita vilipokwisha walitawanyika tena, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko, kwa sababu vijiji walivyotoka havikuwa tena katika Polandi. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo, karibu 150, nayo yatunzwa.

Kwa hiyo mlima ule ule uliowapa hifadhi watu waliong'olewa kwao ulikuja kushuhudia, kabla ya miaka kumi kupita, watu wake wenyewe waking'olewa. Na waliowang'oa walikuwa serikali ile ile iliyowapokea wakimbizi.

Wameru, ambao lugha yao yafanana na Kichaga cha Machame, wamekaa mlimani kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mapokeo yao yasema walitoka upande wa Usambara, na ya kwamba walipofika waliwakuta wawindaji walioitwa Wakoningo. Walipanga maisha yao kwa ngazi za mlima. Juu ulikuwa msitu, uletao mvua na maji ya mifereji. Katikati palikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, na baadaye kahawa, ambalo baba humgawia mwana. Chini palikuwa na nyanda za malisho, ambako ng'ombe walipata majani na maji yenye magadi. Asiyejua utaratibu huo aweza kuitazama nyanda akaiona tupu, maana haina migomba wala nyumba nyingi. Lakini nyanda ni kwa kihamba kama ghala ilivyo kwa jiko: anayekuondolea ghala hakukuachia nusu ya nyumba yako, amekuachia njaa ya kuja.

Utawala wa Wajerumani ulianza kwao kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuteka ng'ombe. Mwaka 1900 wakuu wa Wameru na Waarusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli na wakuu wengine wa Kichaga. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikaanza kugawiwa walowezi, Wajerumani kusini, na Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini upande wa kaskazini. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama pete, na ndani ya pete hiyo Wameru na mifugo yao waliongezeka mwaka hata mwaka bila ya nafasi kuongezeka. Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani kuwa mali ya adui, lakini pete hawakuivunja. Mengi ya mashamba hayo yaliuzwa kwa walowezi wengine.

Ngarenanyuki ilikuwa mahali pamoja ambapo Wameru walipata kupumua. Iko kaskazini-mashariki ya mlima, na jina lake ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Katika daftari za serikali nchi hiyo haikuwa na maji wala rangi: ilikuwa mashamba namba 31 na 328. Humo Wameru walichunga, wakalima, wakajenga nyumba na kuzika wafu wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Wilson hakukana kwamba Wameru walikuwa na shida ya ardhi. Lakini alitaka ardhi ya Wazungu ishikane mahali pamoja na ya Waafrika mahali pengine. Kwa hesabu hiyo, Ngarenanyuki ilionekana kuwa doa jeusi katika karatasi nyeupe. Ilitakiwa iwe sehemu ya ukanda wa ufugaji wa kisasa wa walowezi, kati ya Meru na Kilimanjaro, na Wameru wapewe ardhi nyingine upande wa kusini, pamoja na eneo la King'ori.

Wameru walikataa. Walisema kwamba King'ori ni nchi ya joto na maradhi, haifai kwa ng'ombe wao. Tena hawakuulizwa ila baada ya shauri kukatwa. Serikali haikusikia. Mwezi wa Novemba 1951 maafisa na askari waliingia Ngarenanyuki, wakawatoa watu wapatao 3,000, wakachoma nyumba zao, na mifugo mingi ikapotea au kufa safarini. Wengi walikataa kupokea fidia, kwa kuwa apokeaye bei amekiri kuwa ameuza. Na wengi hawakwenda King'ori. Walipanda mlimani, wakajibana katika vihamba vya ndugu na jamaa zao.

Kitendo hicho cha kujibana, ambacho afisa wa wakati ule angekiona ukaidi mtupu, ndicho kilichoiamua historia yote iliyofuata. Waliofukuzwa walibaki ndani ya Wameru. Habari zao zilisimuliwa kila jioni penye kila jiko. Chama cha Wananchi wa Meru kilikusanya fedha kwa watu, wengine wakitoa senti na wengine wakitoa zaidi, mpaka ikawezekana kumpeleka mjumbe wao, Kirilo Japhet, mpaka New York. Alikuwa pamoja naye wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza kuziheshimu haki za wenyeji katika ardhi. Katika mwaka 1952 shauri lilisikizwa kwanza na Baraza la Udhamini, ambalo lilieleza masikitiko yake lisiagize ardhi irudishwe. Kisha likafika katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na humo wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru. Lakini lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe mwezi wa Desemba, azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Likaanguka.

Wapo wasemao kwamba Wameru walishinda Umoja wa Mataifa. Si kweli, na hatuna haja ya kuipamba historia kwa ushindi ambao haukuwako. Walishindwa kwa kura. Walichokipata ni kingine. Kwanza, dunia iliwasikia wakulima wa mlima mmoja wa Tanganyika wakisema wenyewe, kwa kinywa cha mtu wao. Pili, watu wa majimbo mengine ya Tanganyika walijifunza kwamba kilichowapata Wameru chaweza kuwapata wao, na ya kwamba njia ya New York yapitika. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 haikuhitaji kuwafundisha watu kwamba ardhi ni jambo la siasa. Na Machi 1955 Julius Nyerere alipokwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini, alikanyaga njia ambayo Japhet alikwisha kuifungua. Tatu, ule mpango wa ufugaji wa walowezi haukustawi kama ulivyoahidiwa, na Wameru waliendelea kuwapo pale pale karibu, wakiungoja. Leo Ngarenanyuki ni kata ya Wilaya ya Meru, na wakulima wake hupeleka nyanya masokoni.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mtu aweza kusema kwamba tofauti ni ya hesabu, kwa kuwa 3,000 si 140,000. Au kwamba ni ya sheria, kwa kuwa Wameru walikuwa na Baraza la Udhamini la kulilalamikia, na Mlemko hakuwa na mlango wa kuugonga. Sababu hizo zina nguvu, nami sizipuuzi. Lakini sheria haijitumii yenyewe. Baraza la Udhamini lilikuwako kwa ajili ya Watanganyika wote tangu mwaka 1947, wala hakuna aliyefika mbele yake kutoka kwetu kabla ya Wameru. Walifika kwa sababu walikuwa wangali pamoja. Waingereza waliwanyima nchi lakini hawakuwanyima wenyewe kwa wenyewe. Waliitwaa ile kw- wakaiacha ile -ao. Polandi ilivitwaa vyote viwili. Kipimo cha madhara ya kuhamishwa, basi, si idadi ya maili tu. Yafaa tuulize pia: waliohamishwa waliachwa na nani wa kukumbuka pamoja naye?

Yaweza kuulizwa swali jingine, tena gumu. Kama Wameru waliwakuta Wakoningo mlimani, na kama nyanda za Ngarenanyuki zilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya wao kuzitumia, wana haki gani ya kuziita kwao? Swali hilo lilipendwa na walowezi, lakini halikosi haki kwa sababu tu liliulizwa na walowezi. Walemko nao hawakuumbwa pamoja na Karpati. Wachungaji na wakulima waliingia katika milima hiyo kwa karne nyingi, kutoka pande mbalimbali. Jawabu ni kwamba asili si mbio za kushindania nani alitangulia. Tukienda hivyo, hakuna mtu katika Afrika ya Mashariki, wala katika Ulaya, atakayebaki na mahali pa kuweka kichwa. Kwao huwa kwao kwa kazi ya vizazi, kwa mifereji iliyochimbwa, kwa majina yaliyotolewa, na kwa maelewano na majirani. Kule kuacha jina la Kimaasai liendelee kutumika ni namna ya kukiri kwamba wengine walipita hapo. Aliyekuja na namba 31 na namba 328 hakukiri lolote.

Tena hatuna budi kukumbuka kwamba si wageni peke yao waliochora mistari mlimani. Hifadhi iliyoanzishwa Ngurdoto mwaka 1960 ilipanuliwa mwaka 1967 ikauchukua Mlima Meru, na leo yaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi ina faida zake, na msitu usipolindwa maji hayatashuka. Lakini mwanafunzi wa historia aisomapo ramani ya mahali popote pa nchi yetu, kabla ya kuridhika na rangi ya kijani, yampasa aulize ni nani waliopachunga, walipaitaje, na waliulizwaje.

Na makaburi je? Sisi wa Igoma twajua jambo moja juu ya makaburi. Hapa wamezikwa wengi wa wale waliokufa maji MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Walikuwa watu wa mahali pengi, na wengi wao hawakuwa na shamba wala nyumba Igoma. Hata hivyo, kwa kuwa wamelala hapa, Igoma imekuwa kwa namna fulani kwao pia, na jamaa zao wajapo kuwakumbuka hakuna awaitaye wageni. Ndivyo yalivyo makaburi ya Tengeru kwa Wapolandi. Na ndivyo ilivyo misalaba ya mawe ya Lemkovyna. Kaburi ni hati ya ardhi isiyotiwa muhuri. Haimpi mtu shamba, lakini humnyima mwingine neno la kusema kwamba hapakuwa na mtu.

Walemko nao hawakwisha. Baraza la Senati la Polandi lililaani Akcja Wisła tarehe 3 Agosti 1990, na sheria ya mwaka 2005 iliwatambua Walemko kuwa jamii ndogo yenye haki zake. Katika hesabu za watu za mwaka 2011 zaidi ya 10,000 walijiandika kuwa Walemko. Kila mwaka wengi wao, pamoja na waliozaliwa ng'ambo, hukutana katika kijiji cha Zdynia, penye milima ya wazee wao, kwa sikukuu iitwayo Watra, yaani moto wa kambini. Huwasha moto, huimba, husema lugha yao siku chache, kisha hutawanyika tena. Hiyo ni faraja, nayo ni ya kweli. Lakini moto wa siku tatu si jiko la kila jioni.

Wameru walikuwa na jiko la kila jioni, na tena walikuwa na kalamu. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu juu ya shauri lao, kikachapishwa Nairobi. Ni jambo adimu katika historia ya Afrika ya Mashariki kwamba aliyetendwa ndiye aliyeandika. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa walioandikiwa walikuwa wasikilizaji wa mbali. Kazi ya kuwaandikia walio karibu ni yetu. Kila mmoja wa wanafunzi wetu ametoka mahali ambapo pana vilima, visima na malisho yenye majina yasiyoandikwa katika ramani yoyote, nayo yajulikana na wazee ambao hawataishi milele. Ayaandike majina hayo, na maana zake, na nani waliyatoa, kwa Kiswahili kisomwacho na jirani. Siku atakapokuja mtu na karatasi yenye namba, akisema kwamba hapa hapana mtu, jina lililoandikwa litakuwa shahidi. Na shahidi huyo hafai kitu wenyewe wasipokuwa pamoja kumwita.